Nashoni na Kona za Kushoto

Ninayotaka kuwaambia hamtayaamini, na sitawalaumu. Mimi mwenyewe nilikuwepo, nimesimama karibu na birika la kunyweshea ng'ombe pale uwanja wa mnada Kemambo, na bado kuna asubuhi naamka nikidhani niliota. Lakini mimi si mtu wa kuongeza chumvi. Nilisoma mpaka darasa la sita, na hilo la sita nililipenda kiasi cha kulirudia. Mtu wa namna hiyo atadanganya ili apate nini?

Habari ni ya mpwa wangu Nashoni, bodaboda wa kijiwe cha Bomani, Tarime mjini. Ukimtazama huoni kitu: kijana mwembamba, amevaa koti la mvua hata jua likiwaka, anaongea kwa shida utafikiri maneno anayanunua. Uendeshaji ameurithi kwangu, upande wa ujombani. Baba yake alikuwa na baiskeli tu, tena ya kuazima.

Nashoni alikuwa na rafiki, Orwa. Sisi ni Wakurya, Orwa alikuwa Mjaluo, mtoto wa mama Jerioth muuza dagaa, ambaye nusu ya ukoo wake iko Migori, ng'ambo ya mpaka. Wawili hao waliendesha pikipiki moja nyekundu kwa zamu. Ilikuwa mali ya Orwa. Asubuhi yake, jioni ya Nashoni, na saa ya kupokezana walikuwa wanatukanana kwa lugha tatu, kila mmoja akisema mwenzake amechelewa.

Basi Orwa akafa. Watu wakisikia bodaboda amekufa wanauliza, wapi, gari gani? Hakukuwa na gari. Tumbo lilimkamata wiki ya kuvuna mahindi, na wiki hiyo haikuisha naye.

Kijiwe cha Bomani kina desturi yake. Usiitafute kwa wazee, hawaijui. Vijana wamejitungia wenyewe. Mwenzao akizikwa, wote wanawasha pikipiki na kuizunguka nyumba yake, nyumba ikiwa mkono wa kushoto, gia ya kwanza, bila honi. Pikipiki ya marehemu inatangulia, na anayeiendesha ni mtu wake wa karibu.

Aliyetangulia alikuwa Nashoni. Nyuma yake kijiwe kizima, na uani akina mama wanalia mpaka kuku wamekimbilia migombani. Yeye akageuza usukani kushoto, akaendelea kushoto, akasubiri kitu kije moyoni. Akaona ukuta una ufa. Akaona mtu amesahau ndoo chini ya bomba la paa. Akawaza kwamba tairi ya nyuma haina upepo wa kutosha. Hayo ndiyo aliyoyawaza. Akashuka, akanawa, akala ugali, akaongezewa, akala. Wanawake wakatazamana. Mmoja akasema, "Huyu ndiye rafiki?"

Alisikia. Hata hilo halikumuuma.

Miezi ikaenda. Akaendelea kuiendesha ile nyekundu, asubuhi na jioni sasa, maana hakuna wa kumpokea. Ukimpa pole anajibu asante, kama umempisha njiani. Siku moja mke wangu alimwekea chumvi kwenye chai kwa bahati mbaya. Akanywa kikombe chote, akasema imetosha. Mke wangu alienda kulia jikoni. Mimi sikulia, nilimaliza chapati zake.

Ila kulikuwa na jambo moja, na hili kijiwe kizima kililigundua kabla yangu, kwa kuwa mimi siku hizo nilikuwa na shughuli nyingi za kushauri watu. Nashoni alikuwa hageuki kushoto. Hospitali iko kushoto? Yeye atakata kulia, apite sokoni, azunguke nyuma ya kanisa, akate kulia tena, atokee kwa mbele. Abiria wanalalamika, wengine wanasali.

Beryl, msichana pekee aliyeendesha pale kijiweni, na mdomo wake ni mkali kuliko breki zake, alimwambia mbele za watu, "Nashoni, yule mama uliyembeba leo kwenda kliniki, amejifungulia Sirari, mpakani kabisa?"

Watu wakacheka. Nashoni akatabasamu kidogo, kwa adabu.

Mnadhani aliogopa kulia machozi barabarani. Hata mimi nilidhani hivyo, na mimi nadra kukosea. Sivyo. Aliogopa kugeuza usukani ule kushoto kwa mara nyingine, asubiri, na akute bado hakuna kitu.

Sasa ndipo Ezra akaleta mashindano. Ezra anauza vipuri vya pikipiki, ana kipaza sauti chake mwenyewe, na mtu mwenye kipaza sauti chake lazima atafute pa kukitumia. Mbio za bodaboda alikuwa amezipigia kelele tangu Orwa yu hai; sasa akazitangaza, uwanja wa mnada Kemambo, siku isiyo ya mnada. Mama Jerioth akaja kijiweni na ndoo yake ya dagaa kichwani.

"Shikamoo mama," Nashoni akasema.

"Marahaba, nyathina, mtoto wangu. Orwa alikuwa ameyangoja haya mashindano tangu Ezra aanze kuyapigia kelele. Pikipiki yake iwepo."

"Itakuwepo, mama. Nitamwazima Beryl aiendeshe."

"Beryl ana yake. Iendeshe wewe." Akatua ndoo. "Usipoiendesha, Oyoo anakuja kuichukua aipeleke Migori. Nimeshaongea naye. Sikufukuzi, mwanangu. Lakini kila siku inapita mlangoni kwangu polepole, polepole, mpaka nasimama nikidhani ni msiba mwingine. Siiwezi tena. Ama ikimbie, ama iende."

Oyoo ni binamu yake Orwa. Mnene, ana haraka, hajui kubadilisha hata plagi. Nashoni akafikiria Oyoo amekaa juu ya ile nyekundu. Akasema atakwenda Kemambo.

Siku ikafika. Watu walikuwa wengi, sijawahi kuona, hata wa Ringwani kule Serengeti walikuja, na kama si mimi kuwapanga wangekanyagana. Ezra alikuwa amechora duara refu kwa chokaa, kona zake zimewekwa matairi mabovu. Akawasha kipaza sauti. "Mtazunguka hivi," akaonyesha kwa mkono, "kwa kushoto! Kinyume cha saa!"

Kijiwe cha Bomani kikazima injini. Halafu Beryl akasema, "Ezra, huo ni mzunguko wa msiba."

"Msiba gani? Ndivyo mbio zinavyokwenda duniani. Hata watoto kwenye UMITASHUMTA, michezo ya shule, wanazunguka kushoto."

"Watoto hawana pikipiki."

Ezra akatoa simu. Akatuonyesha magari ya Marekani yanazunguka kushoto, kushoto, kushoto, mpaka kizunguzungu. Lakini simu haina siri. Video iliyofuata ilikuwa ya Ulaya, na huko magari yanakwenda kulia, kama mshale wa saa.

"Sasa hapo nani kakosea?" Beryl akauliza.

"Hakuna aliyekosea. Mmarekani dereva wake anakaa kushoto. Akizunguka kushoto anakuwa mbali na ukuta wa nje, akigonga hagongi kwa mbavu zake. Hawa wa Ulaya wanasema walifuata farasi. Farasi kwao walikuwa wanakimbizwa kulia."

"Na farasi walimfuata nani?"

Ezra akafikiri. "Mazoea," akasema.

"Basi na sisi tuna mazoea yetu. Kushoto tunamzungukia aliyekufa. Sisi wazima twende kulia."

Wakapiga kelele wote, kulia! kulia! Mimi pia nilipiga, sikuwa na sababu, ila sauti yangu ni nzuri. Nashoni hakupiga kelele. Alikuwa ameinamia usukani, na kwa mara ya kwanza tangu wiki ya mavuno mabega yake yalishuka. Kulia angeweza. Kulia angeiendesha hata amefumba macho, na pikipiki ingebaki.

Ezra akashindwa. Akasema, haya, raundi ya kwanza ya majaribio, kulia.

Ngoja niwaeleze, maana wengine mnapanda nyuma tu na kulalamikia nauli. Pikipiki breki yake ya nyuma iko mguu wa kulia. Gia iko kushoto. Kwenye vumbi, breki ya mbele, ile ya mkononi, huigusi, ukiigusa unasalimiana na ardhi. Na kwenye kona ya vumbi, ukiwa na kasi, lazima ushushe mguu wa ndani ukusaidie, uteleze nao kama mkongojo. Ukikata kushoto, unashusha wa kushoto, wa kulia unabaki kwenye breki. Ukikata kulia, unashusha wa kulia. Sasa breki unakanyaga na nini? Na ulimi?

Hilo hakuna aliyelifikiria. Barabarani hakuna anayekata kona namna ile.

Wakaondoka. Kona ya kwanza Beryl yuko mbele, akashusha mguu wa kulia vizuri kabisa, pikipiki ikaelea, akataka kupunguza mwendo, akakuta mguu wa kupunguzia uko chini unalima. Akapitiliza. Waliomfuata wakamfuata kweli kweli. Waliruka matairi, wakapita katikati ya akina mama wa chapati, wakaingia wote kwenye tope la birika la ng'ombe, mmoja juu ya mwingine, magurudumu yanazunguka hewani. Hakuna aliyevunjika. Beryl alitoka na tope mpaka kwenye meno, akatema, akasema, "Farasi hawana breki. Ndiyo maana."

Nashoni alikuwa nyuma, aliwakwepa, akasimama. Akamwona Ezra anakuja na kipaza sauti chake, na akajua atakalosema.

"Kushoto!" Ezra akasema. Safari hii hakuna aliyebisha. Hata Beryl, anapangusa kiti.

Nashoni akasukuma pikipiki mpaka alipokaa mama Jerioth, kwenye kiti cha plastiki chini ya mwavuli. Oyoo alikuwa amesimama nyuma ya kiti, ameshavaa kofia ngumu.

"Mama, kushoto sitaweza."

"Kwa nini?"

"Siku ile nilimzunguka sikusikia kitu," akasema. "Nilikuwa naangalia ndoo."

Mama Jerioth hakushtuka. "Ile ndoo niliisahau mimi," akasema. "Nilikuwa naiangalia pia."

Oyoo akajikohoza.

"Mlimzunguka polepole mno," mama akaendelea. "Orwa polepole alikuwa haiwezi. Hata kanisani alikuwa anamaliza wimbo kabla ya kwaya. Nilisimama pale nikawaza, mtoto wangu angewaona hawa angetukana. Sasa nenda. Kusikia au kutosikia, hilo sijakuuliza. Nimekuuliza kama pikipiki itakimbia."

"Mama Jerioth," Oyoo akasema, "mimi niko tayari tu, sijui kama..."

"Wewe nyamaza, Oyoo. Hata kofia umevaa kinyume."

Nashoni akapanda. Uso wake ulikuwa uleule wa siku ya mazishi, uso wa mtu anayesubiri mvua ipungue. Akasogea kwenye mstari. Ezra akapiga filimbi.

Wakaondoka, na sasa ndipo msikilize, maana hapa ndipo hamtaniamini. Kona ya kwanza Nashoni alikuwa wa mwisho kabisa, anakata polepole, na nilimwona mama Jerioth anageuza uso. Kona ya pili vilevile, na Oyoo akaanza kuvaa glavu. Halafu ya tatu, jamani! Ile nyekundu ikalia kama fahali, Nashoni akalala kushoto, akashusha mguu, breki anayo kwa mguu wa kulia, pikipiki ikateleza kiubavu, akalala mpaka sikio likafagia nyasi, akachuma ua kwa meno, akawapita kumi kwa mpigo mmoja, Beryl akabaki anauliza ni ndege gani, akapaa juu ya matairi, watu wa Ringwani wakalala chini, wachungaji wakasimamisha ng'ombe mpaka Sirari, akavuka mstari peke yake, wa kwanza, wa pili hajulikani mpaka leo, na machozi yanamtoka, machozi ya kweli, yamejaza tanki la mafuta, tukayakinga kwa karai, mimi mwenyewe nilishika karai, na mama Jerioth akapiga kigelegele kilichosikika Migori, mpaka kule wakadhani kuna harusi wakaanza kuchinja, na Oyoo akaivua kofia ile akaila, nilimwona kwa macho yangu haya akii...

"Mjomba." Ni Nashoni, anasoma juu ya bega langu haya ninayoandika, sikumsikia akiingia. "Nilikuwa wa sita. Na sikulia. Kona ya tatu nilikanyaga jiwe, nikasikia mguu unauma. Ni hayo tu. Uliuma."