Mishumaa ya Mchaichai

Juzi pale Segera niliona mishumaa ya mchaichai dukani. Hasira zilinipanda, nikatoka bila kununua hata chumvi niliyoifuata.

Siku moja nikiwa mtoto, nyumbani kwetu Mazingara, mama aliyeyusha nta ya mizinga ya baba kwenye sufuria. Hakutia mafuta ya mchaichai ikichemka. Alisubiri ipoe kidogo, maana ikiwa ya moto sana harufu yote inapaa na mvuke. Kisha akaimimina kwenye mabua ya mpapai yaliyokwisha tiwa utambi. Nyumba nzima ikanukia kama chai. Nikavaa gauni langu la Idi, nikijua tuna sherehe.

Kumbe ni kidonda cha mguuni cha bibi, mama yake baba, ndicho kilichokuwa kinanuka, na siku hiyo binti yake alikuwa anakuja kumwona.

Shangazi alifika, akasimama mlangoni, kanga puani.

"Ingia, wifi," mama alisema. "Nimewasha mishumaa."

"Naona. Mmefungua hoteli?"

"Hoteli gani? Njoo ukae na mama yako."

Hakuingia. Bibi akauvuta mguu chini ya shuka, akamwambia mama, "Mwache, mwanangu. Huyo ana mimba, harufu zinamsumbua."

Nilimwamini. Sasa nina watoto wawili, najua mimba inavyochefua, na kwa hilo ningemsamehe shangazi. Lakini hakuwa na mimba yoyote. Bibi alishazikwa, na mimi bado nilikuwa nauliza mtoto wa shangazi atazaliwa lini.