Mupunga Nilianika kwa Pisti

Bantu ba Mubi bananijua kama ule mama alikimbia na jupon ya ndani tu mbele ya avio, ile ndege ya kutoka Goma, na siwezi kubakatalia, juu ni kweli, kikwembe ya kiunoni ilibakia nyuma kwa barabara ya gudroni na bamotari bote ba pikipiki baliona. Mucheke tu, mimi nilishachoka kulia. Lakini munisikilize mpaka mwisho, juu haya ya jupon njo ile ndogo.

Mama mukwe wangu alianguka mu shamba yake ya mihogo kule Itebero, mufupa ya muguu ikatoka inje. Banaume balimubeba mu kipoyo, kitanda ya miti, siku mbili mu pori, banabadilishana mabega, mpaka kwetu Mubi. Muganga akaangalia kidonda, akasema muguu itapona kama anafika Goma mbio, lakini barabara ilikuwa haipitike, basi tungoje avio. Kwetu avio inatua kwa barabara: kipande moja ya gudroni imenyooka vizuri, njo pisti, na ikikaribia, Papa Bahati, mukubwa wa pisti, anapiga filimbi, bamotari banasimama, inashuka. Akatuambia tukuwe tayari kesho yake.

Mimi njo nilipaswa kumusindikiza kama garde-malade, ule wa kumutunza, na munajua mambo ya hopitali, mugonjwa anakula kile garde-malade alileta kutoka nyumbani. Mama mukwe alikuja na mufuko ya mupunga ya shamba yake, lakini mvua ya njiani iliingia ndani, ikaanza kunuka. (Mimi ni mutoto wa Kibabi, kule kwetu Masisi jua inapiga kila mahali, unaanika maharagi mbele ya mulango na unasahau. Hapa Walikale pori imefunika kila kitu, jua inafika chini kwa pisti tu.) Nikaona haya kuingia Goma na mupunga ya kunuka, bamama ba muji bangesema nini?

Asubui nikauliza Papa Bahati, akasema avio haijatoka Goma, kule iko ukungu mingi. Nikajiambia masaa mbili tu, na tena ku mwisho ya pisti, si katikati. Nikatandika shitingi ya plastiki, nikamwanga mupunga. Mama jirani akaniona, akaleta yake, mwingine akaleta karanga, mwingine tena mupunga, kila mumoja anasema kama Mama Esther ameanika basi iko ruhusa (Mama Esther ni mimi), na mimi badala ya kubakataza nikajisikia mukubwa, nikabaonyesha na mahali pa kutandika. Nikarudi nyumbani kumuosha mama mukwe. Tulipomuleta pembeni ya pisti, njiwa za pori zilikuwa zimejaa mpaka shitingi haionekane.

Halafu tukasikia avio. Filimbi ikalia, bamotari bakasimama, na mimi, na ile akili yangu yote, nikanyakua sahani ya chuma na kijiko, nikakimbia kufukuza njiwa, ngo-ngo-ngo, kikwembe ikaanguka, sikurudi kuiokota, bantu banapiga kelele, nikafikiri bananishangilia. Kumbe balikuwa banasema niache. Kama ningeziacha zikule, pengine zingebakia chini. Zikaruka zote mara moja, mbele kabisa ya avio.

Ilitua, Mungu asifiwe, hakuna muntu aliumia. Lakini ilitua na damu kwa kioo, na helisi moja, ile panga ya kuzunguka, imesimama. Piloti akashuka, akaingiza mukono mu moteri akatoa manyoya na kipande ya bawa, akasema hii avio hairuke tena mpaka fundi atoke Goma. Nyuma yake bakashuka bantu munane, na mama mumoja alikuwa amekumbatia mutoto wake mpaka hawezi kumuachilia. Ningeua bale bote. Na sikujua njiwa inaweza kuangusha avio; kwangu mimi ilikuwa kitu ya kupika mu chungu.

Papa Bahati akakuja kwa mashitingi, akauliza polepole: “Nani alianza kuanika hapa? Mupunga ya kwanza ni ya nani?”

Bamama bote bakaangalia chini. Mimi nilikuwa nashika jupon na mikono mbili. Njo tukasikia sauti kutoka mu kipoyo.

“Ni yangu,” mama mukwe akasema. “Ni ya shamba yangu. Mimi njo nilimutuma.”

Hakunituma. Alikuwa hajue ata kama nilitoka na ule mufuko. Papa Bahati akamuangalia, akaangalia ule muguu, akashindwa kumugombeza, akaenda zake. Na mimi nikanyamaza.

Mvua ilichelewesha fundi siku ine, kidonda ikaanza kuoza. Kule Goma muganga akafunua kidonda, akafunika tena, akaniita inje. Balikata juu ya goti.

Sasa anaishi kwetu. Ku soko na ku kanisa banasema ule muzee alipoteza muguu juu ya tamaa ya mupunga yake, anasikia, ananiomba maji ya kunywa. Siku moja nikalia mbele yake, nikasema naenda kwa Papa Bahati kusema ukweli. Akanijibu: “Mama Esther, mimi muguu ilishaenda. Wewe uko na batoto ba kutembea nabo mu huu muji. Acha.” Na mimi niliacha, mbio kabisa, kama muntu alikuwa anangoja tu kuambiwa.

Kuanika kwa pisti, niliapa sitarudia tena, ata mupunga ioteshe majani mu mufuko. Lakini hiyo kiapo ni nyepesi. Ile nzito ni kusimama mbele ya bantu niseme nilianika mimi, kwa kichwa yangu, na nilijua nani alikuwa anangoja ile avio. Nyinyi njo ba kwanza kusikia.