Choo Chetu na Minazi ya Bibi Jirani

Nilipohitimu masomo ya jioni pale Lindi, elimu ilinijaa mpaka masikioni. Nikiinama kufunga kiatu, nyingine inamwagika. Mtu wa namna hiyo hapangi chumba. Nikanunua nyumba Mchinga.

Niliikagua kisomi. Nikagonga kuta, nikanusa makuti ya paa, nikamsomesha mwenye nyumba somo zima la mbu na safura, naye akaitikia "naam, naam" kama yuko darsani. Akaniuzia nyumba na kiwanja chake. Sikusahau kuuliza lolote, ila mambo mawili tu: choo na minazi.

Choo kilikuwa kimoja kwa nyumba tatu, nyuma ya ua wangu. Maji machafu ya kuogea ya nyumba zote yaliletwa humo na mchirizi, na kila kukicha majirani walipanga foleni, makopo mkononi, wakipeana habari za mji. Shimo lenyewe, walisema, lilichimbwa kabla ya Mjerumani. Kwa harufu yake nilisadiki kuwa hata Mjerumani alilipitia mbali.

Mke wangu alikuwa bado kwa wazazi wake Lindi. Alikuja kutazama nyumba, akakutana na foleni, akajitanda kanga yake vizuri.

"Mume wangu, mimi sikuolewa na mtaa mzima. Siku ukichimba choo chetu wenyewe, nitumie mtu. Usipochimba, nisalimie majirani."

Akarudi kwao. Nikaazima sururu siku ileile. Sijatoa jasho, akatokea bibi jirani, dada wa yule aliyeniuzia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, msomi. Mizizi yangu unaikata kwa ruhusa ya nani?"

"Bibi, kiwanja nimekinunua."

"Umenunua mchanga, baba. Minazi ni yangu, nimeachiwa na marehemu baba. Hukuuliza?"

Kila mtoto wa pwani anajua kuwa ardhi yaweza kuwa ya huyu na mti wa yule. Hata mimi nilijua, wallahi! Lakini siku ya kununua nilikuwa nikitafuta maneno makubwa ya kusema, hayo madogo yakanipita.

Nikahamia kona nyingine. "Hapo mizizi." Nikahamia tena. "Na hapo." Kumbe ua wangu ulikuwa kapu la mizizi, na mimi mpangaji wa hewa iliyobaki. Nikapandwa na hasira: nitakwenda kwa Bwana Shauri, nitakwenda kwa Gavana, ikibidi nitaandika Ulaya, mwandiko ninao!

"Andika, mwanangu," akasema. "Usisahau kuwaambia kuwa mkeo amekukimbia kwa sababu ya choo."

Baada ya siku chache akanijia mwenyewe na bakuli la uji.

"Nimekuonea huruma. Chimba pale."

Alinyoosha kidole kwenye mnazi wake dhaifu kuliko yote, majani ya manjano, nazi kama ndimu. Nikatazama ule ulio kando ya choo cha zamani: nazi zake kubwa kama vichwa vya ng'ombe, hata wezi waliogopa kusimama chini. Nikaelewa anayeonewa huruma ni nani. Tatizo, mgonjwa wake alisimama mbele ya nyumba, pua kwa pua na baraza yangu, mahali msomi anapopokea wageni.

Baraza au mke? Nikachimba. Nilichimba mpaka nikasikia watu wa upande wa pili wa dunia wakikohoa. Nikazungushia makuti, nikatuma mtu Lindi.

Mke wangu alifika na mzigo kichwani, akasimama. Akatazama choo, akatazama baraza, akakunja pua. Nikaanza kumweleza kwa kirefu habari za upepo na mielekeo yake. Hakunisikiliza.

"Ndugu zako wakija, watakaa hapa barazani?"

"Ndipo pa wageni, mke wangu. Wakae wapi tena?"

Akanikabidhi mzigo.

"Basi hawatakaa sana," akasema, akaingia ndani kutandika kitanda.