Wanaonyamaza Kwanza

Asubuhi ile tuliachana kwa maneno, mimi na mama yangu, na kosa lilikuwa langu. Harusi ilikuwa Vanga, ya binti wa mpwa wake, na lori lililowachukua watu lilikuwa limesimama mbele ya zahanati niliyofanya kazi, kusini kidogo ya Msambweni. Nilitoka kwenda kulitazama. Chini mlikuwa na magunia ya mchele na masufuria ya pilau, juu ya magunia wamekaa watu, na juu ya watu karibu wangekaa watu wengine. Tairi moja la nyuma lilikuwa limelika mpaka nyuzi zinaonekana.

Mama alikuwa mbele, nyuma ya dereva, amejifunga leso nyekundu niliyomnunulia sikukuu ya Idi. Nikamwambia ashuke.

"Wewe kazi yako vidonda, mwanangu," akanijibu. "Magari waachie wenyewe."

Wenzake wakacheka, nami sikuzoea kuchekwa. Nilikuwa dresa, mfunga vidonda tu, watu waliniita daktari, na nilikuwa na hasira za mtu anayeitwa asivyo. Nikamwambia mbele ya wote, "Haya, nenda. Lakini ukivunjika, usije kwangu." Kicheko kikakatika. Mama akanitazama kidogo, halafu akageuza uso upande wa barabara. Mtoto akimtamkia mzazi wake neno kama hilo, huomba radhi papo hapo, kabla mate hayajakauka. Mimi niliingia ndani nikaanza kuchemsha sindano.

Adhuhuri haijafika, mtu akaja na baiskeli, ametota jasho na matope. Lori limepinduka, akasema, kwenye mteremko wa kuingilia darajani. Nikamuuliza watu wako vipi. "Wamelala tu, daktari," akasema. "Wengine wanalia, wengine wamelala." Nilichukua sanduku la dawa, nikabeba bendeji zote zilizokuwamo kabatini, na chupa ya dawa ya zambarau ambayo hata sikujua naichukulia nini. Mhindi mwenye duka la jirani alikwisha kusikia. Alikuwa anashusha magunia ya unga kutoka kwenye pikapu yake kwa mikono yake mwenyewe, mtu ambaye sijapata kumwona akinyanyua hata ndoo. Tukaondoka.

Njiani sikuwa na dua. Nilikuwa na maneno yangu ya asubuhi tu, yakizunguka kichwani. Ukivunjika, usije kwangu.

Kazi ya majeruhi wengi kwa pamoja niliijua. Niliifanya kule Bama wakati wa vita vya Wajapani, nikibeba machela, na sajini mmoja mkali alitufundisha jambo ambalo mtu wa kawaida hulifanya kinyume. Mtu wa kawaida humkimbilia anayepiga kelele. Sajini alisema anayepiga kelele ana pumzi, na mwenye pumzi anaweza kungoja. Aliyenyamaza ndiye roho yake inatoka, huyo ndiye wa kwanza. Na aliyefunikwa uso amekwisha, huyo atangoja mpaka wote wachukuliwe. Niliyashika maneno hayo kama nilivyoishika Fatiha.

Tulilikuta lori limelala ubavu ndani ya miwa, magurudumu yakitazama barabara. Wakata miwa walikuwa wamekwisha kufika na walikuwa wakivuta watu ovyo, huyu kwa mkono, yule kwa mguu. Mtu wa kwanza niliyemkuta amefunikwa shuka kando ya barabara. Nikamfunua. Alikuwa utingo, kijana wa watu, na hakuwa na la kufanyiwa. Nikamrudishia shuka yake. Tangu hapo, kila nilichokiona kimefunikwa, kichwani mwangu kilikuwa maiti.

Kelele zilikuwa nyingi hata sikujisikia mwenyewe. Nikapanda juu ya ubavu wa lori, nikapiga ukelele wa kijeshi. "Nyamazeni! Sikilizeni! Ninaanza na walionyamaza! Wanaolia watangoja!"

Basi pakawa kimya. Mzee mmoja aliyevunjika mkono, aliyekuwa akimwita mamake aliyekufa zamani, alifunga mdomo mara moja akanitazama kwa macho ya upole. Hapo ningetambua kosa langu. Lakini nilijiona mkubwa juu ya lile lori, nikafurahi kwamba nimetiiwa.

Nikashuka, nikaanza. Wakata miwa nikawatuma kijiji cha karibu wakalete vitanda vya kamba, maana machela sikuwa nazo, na kitanda cha kamba watu wanne hukibeba vizuri. Sasa dawa ya zambarau ikapata kazi yake. Niliyetaka atangulie nilimpaka mstari mmoja kwenye paji la uso, wa safari ya pili mistari miwili, na waliokuwa na michubuko tu niliwaambia wasimame wasaidie wenzao. Wengine walikasirika kupewa mistari miwili. Bwana mmoja mwenye heshima zake alitaka nimfutie mmoja.

Vitanda vikaja vitano, na pamoja navyo, wallahi, likaja jeneza la msikiti. Waliolileta waliona ni kitu cha kubebea watu, kina mikono minne, kwa nini kikae bure. Tukamlaza juu yake mtu aliyevunjika mguu. Alipofumbua macho akaona amelazwa wapi, aliruka kwa mguu mmoja akaangukia matopeni. "Mimi bado nakula!" akasema. "Mwekeni aliyeshiba." Baada yake kila mtu alikataa, na jeneza likawekwa kando peke yake.

Muda wote huo nilikuwa nikimtafuta mama. Kila uso niliogeuza niliugeuza kwa hofu. Hakuwamo ndani ya miwa wala chini ya lori. Nikamuuliza mkata miwa mmoja wanawake wako wapi, akanionyesha kwa kidevu ng'ambo ya barabara, chini ya mikanju ya korosho.

Wanawake sita walikuwa wamelazwa kwa mstari, vichwa upande wa kibla, wamefunikwa leso tangu utosini mpaka vidoleni. Kichwani pao amekaa bibi mmoja, somo aliyemfunda bibi harusi wetu, tasbihi mkononi, midomo ikienda. Hakuna aliyetikisika. Leso ya tatu ilikuwa nyekundu.

Nilisimama katikati ya barabara. Najua nilisimama kwa sababu Mhindi alinipigia honi, pikapu yake imejaa, akitaka nimwambie aende. Nikamwambia aende. Halafu nikageuka, nikarudi kwa majeruhi. Watu baadaye walinisifu kwa hilo, wakasema nina moyo wa chuma. Si kweli. Sikuwa na moyo wowote. Niliogopa kuifunua ile leso, basi. Maadamu sijaifunua, nilikuwa na kazi, na mikono yangu ilikuwa inajua la kufanya. Nilifunga mabanzi, nikakandamiza vidonda, nikapaka mistari, na machozi yakinitoka bila sauti. Mara tatu nilipita karibu na ile mikanju na mara tatu nikatazama pembeni.

Pikapu ilikwenda Msambweni ikarudi, ikaenda tena. Ilipokuwa katika safari ya pili, bendeji zikaisha. Nilikuwa na mtu anavuja damu begani na sina hata kitambaa. Nikachana kanzu yangu, haikutosha. Hapo ndipo nikazikumbuka leso. Mwanamke wa kwetu hatoki na leso moja, huvaa mbili, na maiti wa kusitiriwa yamtosha moja. Nikajisemea nitamwomba radhi yule bibi, nitawaomba radhi na wenyewe, nichukue ya juu ya huyu wa mwisho. Si ile nyekundu. Ile sikutaka hata kuikaribia.

Nikavuka. Bibi akanitazama, tasbihi ikasimama.

"Shikamoo bibi," nikasema. "Nisameheni. Nahitaji nguo."

"Marahaba," akasema. "Umefika kwetu sasa?"

Sikulielewa swali lake. Nikainama, nikashika pindo la leso ya mwisho, nikaivuta polepole.

Leso ikavutwa kutoka chini.

Niliiachia nikaanguka kwa makalio. Mkono wenye hina mbichi ya harusi ulikuwa umeishika ile leso, umeing'ang'ania, na kutoka ndani sauti ya mwanamwali ikasema, "Hana haya huyu! Anatuvua nguo mchana!"

Na kutoka chini ya leso nyekundu, mama yangu akasema, "Mwacheni. Ni mwanangu huyo. Hana subira tangu mdogo."

Sikumbuki nilivyofika kwake, labda nilitambaa. Nilimfunua uso, na uso ulikuwa uso wake, mkavu, mkali, una matope shavuni na macho mazima. Nikalia kwa sauti kubwa, mimi niliyewaamrisha watu wasilie. Niliushika mkono wake nikaubusu mara nyingi nisizozijua, na bibi mwenye tasbihi akanipiga begani akisema taratibu, daktari, taratibu, mguu wake umevunjika.

Wote sita walikuwa hai. Walivunjikavunjika, walichanika, lakini walikuwa hai. Lori lilipopinduka, nguo zao za harusi zilipasuka na mabuibui yakabaki ndani ya miwa, na wanaume wageni walikuwa wakija kutoka kila upande. Bibi hakukubali watazamwe. Aliwavuta kando kwa msaada wa wanawake wenzake, akawafunika wote, nyuso pia, ndiyo sitara aliyoijua. Mwanamwali mmoja alikuwa na jeraha la paja linalotoa damu, naye bibi alilikaza kwa leso iliyosokotwa na kijiti, kazi safi kuliko nyingi nilizoziona Bama. Kisha akakaa akisoma dua, akingoja daktari amalize upande wa wanaume.

"Kwa nini hamkuniita?" nikauliza. Nilikuwa bado nalia na tayari nimeanza kukasirika, ndivyo nilivyoumbwa. "Napita hapo, mnanisikia, mama, unanisikia sauti yangu! Kwa nini hukuita?"

Mama akashangaa kwa dhati.

"Si wewe uliyesema unaanza na walionyamaza?" akasema. "Nikawaambia wenzangu, huyo ni mwanangu, neno lake ni moja, nyamazeni tutangulie. Huyu mwanamwali alitaka kulia nikamziba mdomo. Tumenyamaza mpaka basi. Sasa mbona umeanza na wale waliokuwa wakikupigia makelele?"

Yule bibi aliinamisha kichwa, na nilidhani analia mpaka nilipoona mabega yake yakitikisika kwa kicheko.

Mhindi alirudi na pikapu, na safari hiyo ilikuwa ya wanawake. Mwanamwali wa jeraha nilimpaka mstari mmoja, mama mistari miwili, hakunigombeza. Vitanda vyote vilikuwa bado vinatumika kuwabebea wagonjwa upande wa pili wa barabara. Kilichobaki kilikuwa jeneza. Niliwaambia wakata miwa tungoje kitanda.

"Leteni hilo hilo," mama akasema. "Siku nitakayolipanda kwa haki sitapata kuiona njia. Wacha niione leo."

Wakamlaza. Nilishika mkono mmoja wa mbele wa jeneza, begani mwangu, na tulipokuwa tunavuka barabara nilimwambia bila kugeuka, maana sikuweza kumtazama, "Mama, nilikwambia ukivunjika usije kwangu. Naomba radhi."

Nilisikia akinyamaza juu ya bega langu, nikaogopa upya.

"Sikuja kwako," akasema. "Wewe ndiye uliyenijia. Radhi unayo. Angalia mbele usiniangushe."

Utingo alizikwa alasiri ile ile, katika jeneza lilelile, na mimi nilikuwemo mazikoni. Wengine wote walipona, wengine kwa kuchechemea. Ingawa nilikuwa nimechoka, nilijiona mwepesi, hata nilipokaa kula nilisahau kula, nikabaki nacheka peke yangu kwa lile neno la mwanamwali. Baadaye nilizunguka vijijini nikiwaambia watu, kwenye baraza na misikitini, kwamba mgonjwa afunikwe mpaka shingoni tu, uso uachwe wazi, na awepo mwanamke wa kuwatazama wanawake wenzake. Bibi mwenye tasbihi nilimwomba akawafundishe wengine kile kijiti chake. Na mimi mwenyewe sijaamini tena kitu kilichofunikwa kabla sijakifunua.

Lakini aliyejifunza zaidi ni mama. Mguu uliunga, ukabaki mfupi kidogo, na tangu siku ile hakunyamaza tena. Aliishi miaka mingi nyumbani kwangu, na akijikwaa, akijikata kisu, akiumwa jino, alipiga ukelele mtaa mzima ukasikia. Majirani walilalamika. Nilimsihi apunguze.

"Nikinyamaza," alinijibu, "utanipita tena."

Sikumsihi mara ya pili. Na asubuhi yoyote nilipoamka nikakuta nyumba kimya, kabla ya kunawa uso nilikwenda chumbani kwake, nikaivuta leso taratibu kutoka usoni pake, na yeye huku amefumba macho ananiambia, "Mimi mzima. Nenda kazini."