Vidole Vitatu vya Mjomba

Mimi hasira zangu ziko karibu, anayenijua anajua. Mwaka ule zilinipanda kwa sababu ya kompyuta, na kwa sababu yangu mwenyewe.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa nikifundisha kupiga chapa katika chumba chenye kompyuta nne pale Voi mjini. Saa ya chakula wanafunzi wakitoka, mimi nilibaki na kompyuta ya kona, iliyokuwa na programu ya kupanga muziki. Unaiandikia sauti za wimbo, unachagua mtindo, nayo inakutengenezea besi, magitaa, ngoma na hata tarumbeta. Tarumbeta zenyewe zililia kama honi ya lori, lakini nani Voi alikuwa na tarumbeta? Tulishukuru.

Bendi yetu ilipiga bugi, dansi la mchana, kila Jumapili alasiri katika ukumbi wa hoteli moja. Kiongozi alishika gitaa, mimi kinanda, na kwenye ngoma alikaa mjomba wangu, kaka yake mama. Alikuwa pale tangu mimi nikivaa sare ya shule ya msingi. Basi mwenye hoteli akatuambia anataka nafasi ya kuongeza meza. Ngoma zitoke, eti siku hizi kompyuta inatosha. Mjomba aliposikia alifuta ngoma zake kwa kitambaa, moja moja, kana kwamba Jumapili ijayo ipo.

Niliapa hatatolewa. Kama ngoma zake haziingii ukumbini, yeye mwenyewe ataingia ndani ya kompyuta.

Kiongozi alikuwa na kaseti ya afrobiti, muziki wa Nigeria, aliyopewa na dereva wa lori la masafa marefu. Wimbo mmoja ulimaliza upande mzima wa kaseti, na ngoma zake hazikuwa na haraka ya kwenda popote. Ndio muziki aliotaka tupige. Nikatafuta mtindo huo kwenye programu: kulikuwa na rumba, samba, walzi, hata muziki wa ng'ambo wa wachunga ng'ombe. Afrobiti, wapi! Lakini programu ilikubali kufundishwa. Ukiigongea ngoma kwenye kinanda kilichounganishwa kwa waya, inazishika na kuupanga wimbo mzima juu yake.

Mjomba akashuka kutoka kwake mlimani Mbololo Jumanne, na mfuko wa kunde mkononi. Akakitazama kinanda.

"Sasa ngozi iko wapi?"

"Ngozi hakuna, mjomba. Gonga hapa."

Mkono wake wa kushoto ulikuwa na vidole vitatu. Viwili vililiwa na mashine ya mkonge alipokuwa kijana. Akagonga. Mkono wa kulia ulitangulia, wa kushoto ukaja nyuma kidogo, kama mtu anayefunga mlango kwanza ndipo akufuate. Nikabonyeza, programu ikatunga besi na magitaa, vyote vikauandama mkono ule. Mjomba akacheka mpaka akashika magoti.

"Hebu ona, inanifuata!"

Alipoondoka nikaangalia kioo cha kompyuta. Kila pigo la ngoma lilikuwa kitone cheusi, na vitone vyote vya mkono wa kushoto vilikuwa nje ya mistari. Vimechelewa, vyote. Niliona haya. Nilimwona akilini kiongozi akiinama kwenye kioo kile na kusema, haya basi, mzee amechoka.

Kwetu mjomba hasahihishwi. Mahari yako haizungumzwi asipokuwapo, na akikosea unatazama kando. Lakini programu ilikuwa na amri ya kunyoosha. Nikabonyeza mara moja, vitone vikakimbilia mistari kama wanafunzi wakisikia kengele ya paredi. Nikahifadhi kwenye diski, juu ya rekodi ya kwanza, ikafutika. Nilijiona mpwa mwema sana.

Jumapili mjomba alikuja amevaa koti, pamoja na mkewe, ambaye nilimwita anti. Anti alikuwa na mazoea yake. Kila bugi alicheza peke yake mbele ya bendi, mkoba kwenye kiwiko, maana mume wake alikuwa nyuma ya ngoma.

Nikaiwasha kompyuta ya kona, niliyoibeba hadi ukumbini, tukaanza. Besi ikaingia, tarumbeta zikalia, kila kitu mahali pake. Hakuna aliyeinuka. Watu walikunywa soda zao kwa adabu, kama wako matangani. Anti akasimama, akapiga hatua tatu, akarudi kukaa.

Mjomba akanijia.

"Nani huyo anapiga?"

"Ni wewe, mjomba."

Akauinua mkono wa kushoto, akautazama, akanitazama.

"Huyo ana vidole vyote," akasema, akachukua kofia yake akaondoka.

Kiongozi akaniambia pengine watu wa Voi hawapendi afrobiti. "Hebu nyamaza!" nikamfokea, maskini, na hakuwa na kosa.

Wiki nzima nilijaribu kumrudisha. Nilivisogeza vitone vya kushoto nyuma kwa kipimo kimoja, ngoma zikapepesuka kama mlevi anayejifanya mzima. Nikavisogeza kimoja kimoja, ikawa mbaya zaidi. Kumbe mkono ule haukuchelewa sawasawa. Wimbo ulipokolea, ulizidi kukawia, na mimi nilikuwa nimefuta namna ulivyokawia.

Jumamosi nikapanda Mbololo. Nilimkuta shambani akipalilia mahindi. Nikachukua jembe la anti, nikaingia mstari wa pili.

"Mjomba, nilikunyoosha. Programu ilionyesha umechelewa, nikabonyeza ikakunyoosha."

Akaendelea kulima.

"Kwa hivyo mkono wangu ulikuaibisha?"

Nilitafuta uongo, haki ya Mungu niliutafuta. Haukuja.

"Ndiyo," nikasema.

Tukalima hadi mwisho wa mstari. Nililia, sifichi, na kamasi nikapangusa kwa leso ya kiunoni. Mwishoni akakung'uta jembe lake.

"Jumatatu nitashuka. Lakini nikimaliza kugonga, wewe toka kwenye hicho kiti."

Akashuka, akagonga, nikahifadhi, nikatoka kwenye kiti.

Jumapili iliyofuata besi ilipoingia, mkono wa kushoto ukaja nyuma yake, umekawia vilevile. Meza ya mafundi wa gereji, karibu na mlango, ndiyo iliyoinuka kwanza. Kisha sikuona meza tena, niliona migongo.

Nikamtafuta mjomba. Alikuwa amesimama ukutani, mikono inaning'inia, hajui aiweke wapi. Anti akauweka mkoba wake kwenye kiti. Sikuwahi kuuona mkoba ule ukitoka kwenye kiwiko. Akaenda akamshika mkono, ule wa vidole vitatu.

"Njoo basi, baba. Miaka yote hii nacheza peke yangu, wewe umekaa."

We! Mjomba hakujua kucheza. Alichelewa miguu yote miwili, akamkanyaga anti, anti akacheka huku machozi yanamtoka, wala hakumwachia.

Wimbo ulipokaribia kwisha kiongozi akanikonyeza, tubadilishe. Nikaurudisha mwanzo.