Majira ya Baridi Niliyohamia kwa Wifi Yangu

Bei zilipoanza kupanda nilikuwa nimeshastaafu kazi ya kutunza wazee, nikiishi peke yangu hapa ughaibuni, kitongoji cha St Marys, katika nyumba ndogo ya kupanga. Kichwa kimoja cha saladi kilikaribia bei ya kuku mzima. Serikali huongeza pensheni yetu kila Machi na Septemba, lakini bei za dukani hazikuwa na subira hiyo. Zilipanda Aprili, zikapanda tena Mei. Nikaacha nyama, nikarudi kwenye maharage, na kusema kweli sikuona taabu. Nililea watoto katika kambi ya wakimbizi kwa chakula cha mgao, saladi isingenitisha. Kilichonishinda ni kodi, mwenye nyumba alipoiongeza.

Jumapili moja nikasikia kanisani kwamba wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, haonekani tena ibadani. Mimi na yeye tulikuwa hatuzungumzi. Mume wangu alifariki mwanzoni mwa korona, mipaka ikiwa imefungwa. Wifi alitaka tusubiri ndege zirudi, kaka yake akazikwe nyumbani. Mimi nikaamua azikwe hapa hapa, watu wachache tumevaa barakoa. Wifi hakuja. Mpaka leo nasema niliamua sawa.

Kesho yake nikapanda treni hadi Penrith, anakokaa. Wifi alikuwa na nyumba yake mwenyewe, aliyoinunua kwa mshahara wa unesi. Ndiye aliyetupokea tulipofika nchi hii. Alinifungulia mlango akiwa na koti zito na kofia ya sufu. Mle ndani baridi ilizidi ya nje.

"Unaumwa, wifi?"

"Siumwi. Karibu."

"Mbona hujawasha hita?"

"Sisikii baridi," alisema, huku mvuke ukimtoka mdomoni.

Tulipokunywa chai akanieleza, kidogo kidogo. Kanisani haendi kwa sababu ya bei ya petroli. Umeme umepanda, bima ya nyumba imepanda, pensheni inafuata nyuma ikichechemea. Mchana anakwenda kukaa maktaba, kuna joto. Mtu aliyewahi kuongoza wodi nzima! Nilimhurumia, lakini nilimjua: ningeonyesha huruma, angenitoa nje pamoja nayo.

"Wifi," nikasema, "nataka kuhamia hapa."

Akaweka kikombe chini. "Nani kakwambia nahitaji mtu wa kunitunza?"

"Mwenye shida ni mimi. Kodi imenishinda. Wewe una vyumba vitatu na unalala kimoja. Nitalipa nusu ya umeme na chakula, na hita tutaiwasha."

Akageuka kuangalia dirishani.

"Na dagaa wako?"

"Nitapika."

"Nyumba yangu itanuka."

"Itanuka. Na wewe utakula."

Nusura acheke. Kisha akasema, sauti ikiwa imeshuka, "Ukija, kwanza unipeleke kwa kaka yangu."

"Twende sasa hivi," nikamjibu.

Tukaenda kwa gari lake. Kaburini aliinama, akang'oa majani yaliyoota pembeni, akapangusa jiwe kwa leso yake. Tulipokuwa tunarudi akasema pale ni mahali pazuri. Sikudai zaidi.

Mwanangu anafanya kazi mjini, katika benki. Kiswahili anakielewa lakini hunijibu kwa Kiingereza. Nilipompa habari kwenye simu alicheka sana. Akasema mimi na shangazi yake hatutamaliza wiki, bora yeye anilipie kodi. Nikamwambia aje na gari la kubebea kitanda changu.

Wiki ya kwanza tuligombana juu ya chumvi, mapazia na sauti ya redio. Ya pili vivyo hivyo. Lakini jioni tulikaa sebuleni bila makoti, milango ya vyumba tumeifunga ili joto lisipotee, na Jumapili petroli ya kwenda kanisani tuliichangia wawili. Nyuma ya nyumba nikaanza kulima sehemu ya kupanda mchicha. Wifi alisema naharibu majani yake, kisha akaja na jembe.

Septemba nyongeza ya pensheni ilipoingia, yeye alitaka tuiweke akiba. Mimi nilitaka mguu wa mbuzi. Tulibishana tangu chai ya asubuhi mpaka mchana, mwishowe akachukua ufunguo wa gari akaniuliza kama bucha la St Marys bado liko wazi.