Ng'ombe Mmoja Kwenye Ncha ya Kiwanja

Ramani niliichora mimi, na kwa wiki nzima nilizunguka nayo Kilosa mjini nimeikunja kwapani, kama mtu aliyekabidhiwa hati ya kumiliki dunia. Kampuni yetu ndogo ya ushauri ilikuwa imepewa kazi ya kupanga eneo la viwanda kuzunguka kiwanja cha ndege cha changarawe, nje ya hifadhi, njia ya kwenda Mikumi. Maghala niliyaweka kaskazini, kiwanda cha alizeti mashariki. Kwenye ncha ya kiwanja, pale ndege zinapoanza kushuka, niliweka fahari yangu: machinjio ya kisasa. Ng'ombe aingie mlango huu, atokee ule akiwa kwenye maboksi, apakiwe kwenye ndege kabla hajajua kilichompata. Bosi wangu alisema hiyo ndiyo akili. Sifa zake zilikuwa adimu kama mvua ya Agosti, basi nikavimba kichwa.

Tulipoitisha mkutano wa kijiji, wafugaji waliipenda ramani. Mama mmoja tu, wa familia iliyohamia na mifugo yake kutoka kanda ya ziwa, alisogea mbele akaweka kidole pale penye machinjio. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, kisha akauliza kama matumbo nayo yatasafirishwa. Nikamweleza habari za mashimo, mabomba na viwango. Alinisikiliza mpaka mwisho kwa adabu iliyonitia wasiwasi.

"Mwanangu," akasema, "hapa umezipangia ndege za chuma. Hawa wenye manyoya umewapangia wapi?"

Watu wakacheka. Bosi akaandika kwenye daftari lake kwamba jamii inahitaji elimu zaidi.

Baada ya majuma mawili wawekezaji walikuja kwa ndege ndogo kuliona eneo. Bosi aliagiza dume mmoja achinjwe kwa ajili ya mapokezi. Mimi, kwa kimbelembele changu, nikaelekeza achinjwe palepale kwenye vigingi tulivyopigilia kuonyesha mahali pa machinjio, kama ufunguzi usio rasmi. Utumbo ukamwagwa kwenye nyasi.

Haikupita nusu saa wakaanza kushuka korongo, wale wenye upara na mfuko unaoning'inia shingoni. Kisha tai. Siku hiyo tulikuwa na tai wa kila namna, ukihesabu na ile ya bosi, aliyoivaa hata porini. Ndege ya wageni ilitokea, ikainama, ikapaa tena. Ikarudia. Bosi alinitazama, nami nikatoka mbio na viatu vyangu vya ofisini, nikiwapungia ramani. Korongo mmoja aliniangalia kama karani wa masjala anavyomwangalia mtu asiye na namba ya jalada, akaendelea kula. Mara ya tatu ndege haikuinama tena. Rubani alipiga simu baadaye kusema wamerudi walikotoka.

Yule mama alikuwa miongoni mwa wapishi wa shughuli. Alinifuata, akasimama kando yangu, mwiko mkononi.

"Na huyo ni ng'ombe mmoja," akasema.

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Nikaikunjua ramani juu ya boneti ya gari, nikamwomba anionyeshe yeye angeyaweka wapi machinjio. Alinipitisha kwa kidole: ndege hawa wanakolala, wanakopita asubuhi, upepo unakotokea. Machinjio yakahamia ng'ambo ya vilima, mbali kabisa na kiwanja. Pale kwenye ncha tukaweka eneo la wazi, lisilojengwa kitu.

Mpango ulipitishwa kwenye kikao cha wilaya, Kilosa, mwezi uliofuata. Bosi aliuwasilisha mwenyewe, akatumia robo saa kueleza hatari ya ndege wa porini karibu na viwanja, jambo ambalo, alisema, amekuwa akilifikiria kwa muda mrefu. Nilipiga makofi pamoja na wengine. Yule mama, aliyealikwa kuwakilisha wafugaji, hakupiga. Alikuwa ameshaletewa pilau, na mikono yake yote ilikuwa na kazi.